Ngapi Leo, Mama?

Hsieh Kuang-yu aliwahi kuniambia kwamba mji wetu unafaa kukaliwa wiki sita tu kwa mwaka. Aliniambia hayo akiwa amesimama dukani kwangu, ameshika pasi ya mama yake iliyoungua waya, wala hakuona haya. Mimi nimekaa Taipei miaka sitini na saba. Nilimwambia aweke pasi mezani, atoke.

Hakuwa mtoto mbaya, lakini. Kazi yake ilikuwa kuandika vile vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi la mashine, vya kukuonya usiiguse ukiwa na mikono mibichi. Nilikuwa namtania kwamba mimi natengeneza mashine za watu wasiosoma vitabu vyake, kwa hiyo aendelee tu kuviandika vibaya. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta na mabosi wake walikuwa nchi nyingine, hakuna aliyejali anaamkia wapi. Akawa anaishi kwa kufuata hewa. Miezi ya baridi alikaa Taitung, kwenye jua. Kuanzia mwezi wa tano alikwenda Hokkaido kwa Wajapani, ambako hata mwezi wa nane mtu anajifunika blanketi. Kwetu alikuja katikati ya mwezi wa kumi, na kabla manyunyu ya baridi hayajaanza alikuwa ameshafunga sanduku. Alikuwa amechora jedwali la mwaka mzima: nyekundu kwa wiki za kukimbia, kijani kwa wiki za kukaa. Mama yake alilibandika kwenye mlango wa friji. Ukienda kuchukua yai unakutana na wekundu mtupu, na kijani kidogo kule chini.

Mama Kuang-yu alikaa ghorofa ya juu tu ya duka langu, peke yake tangu mumewe afariki. Jina lake ni Pi-lan, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Miaka thelathini tuligombana naye kwa raha zetu, kuhusu maji ya kufulia, kuhusu chumvi, kuhusu nani anazeeka vibaya. Kila asubuhi mwanawe alimpigia simu, na baada ya salamu swali lilikuwa lile lile: "Ngapi leo, Mama?" Naye alisogea kwenye kipimo cha unyevu wa hewa kilichoning'inia kando ya mlango, akamsomea. Themanini na tano. Themanini na tisa. Mtoto anajibu, "Aa, bado," na simu inakatwa.

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, mama akachoka. Alikichukua kile kipimo akakifungia kwenye kabati la nguo pamoja na mashine ya kukausha hewa, mashine inanguruma humo humo, akawa anasomea huko.

"Sitini na mbili," akamwambia mwanawe. Wiki nzima, sitini na mbili, bila kupepesa jicho. Mimi nilikuwepo.

"Wewe mwanamke, huna hata aibu?" nikamuuliza.

"Aibu ya nini? Namba si hiyo hapo? Nimeisoma kama ilivyo."

Kuang-yu akaja mbio. Siku ya tatu alikuta viatu vyake vya ngozi vimeota kuvu nyeupe. Siku ya nne akafungua kabati. Ugomvi wao tuliusikia mtaa mzima. "Unanidanganya namba, Mama! Namba!" Mama yake alikitoa kipimo kabatini, akakirudisha kando ya mlango. Kabla ya kuondoka, Kuang-yu alifunga ukutani kifaa kipya, kidogo kama kiberiti, kinachotuma unyevu wa nyumba moja kwa moja kwenye simu yake, popote alipo. Baada ya hapo hakuwa na haja ya kumuuliza mama yake kitu. Simu za kila asubuhi zikawa za Jumapili.

Sasa nimefika mahali ninapopachukia.

Kila siku saa kumi alasiri, Mama Kuang-yu aliwasha mashine yake. Niliisikia kupitia dari. Saa kumi na mbili aliizima, akachomoa tangi la maji yaliyokamuliwa hewani, akayamwaga chooni, nikayasikia na maji. Mwaka juzi, mvua za mwezi wa tano zilipokaza, mashine haikulia. Siku ya kwanza nikasema labda ameenda hekaluni. Siku ya pili niliinua macho nikatazama dari, nikajiambia kwamba mtoto ana kifaa chake, kama kuna tatizo ataona yeye kabla yangu. Ndivyo nilivyojiambia, nikaendelea kufunga feni ya watu. Siku ya tatu nikachukua ufunguo alioniachia na kupanda.

Alikuwa sakafuni, kati ya chumba na choo, tangi limepinduka kando yake. Daktari alisema huenda alikwenda siku ile ile ya kwanza, tena upesi. Alisema huenda. Hilo neno nimelala nalo tangu siku ile.

Kuang-yu alikuja, akamzika, akakaa siku arobaini na tisa za matanga kama inavyopasa. Hakuzungumza na mtu. Kisha akaiacha picha ya mama yake kwenye rafu pamoja na chungu cha ubani, akafunga mlango, akaondoka. Kesho yake, saa kumi ilipofika na dari ikanyamaza, nilishindwa kuvumilia. Nilipanda nikaiwasha ile mashine mwenyewe. Saa kumi na mbili nikapanda tena, nikamwaga maji. Nilifanya hivyo kila siku. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya picha, isije ikaota kuvu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuisikia. Kile kifaa cha ukutani kilikuwa bado kinawaka taa yake ndogo, nami nilikipita bila kukijali. Ningejuaje kwamba kuna mtu anaendelea kuangalia unyevu wa nyumba ya marehemu?

Mwezi wa saba wa kalenda ya zamani ukaingia, mwezi ambao wafu wanafunguliwa mlango. Siku ya kumi na tano kila nyumba inawalisha. Wafu wa nyumbani wanakula saa sita mchana, ndani, mezani kwao, na anayewakaribisha ni mtoto wao. Wasio na mtu wanakula alasiri, nje, kwenye meza za barabarani, na wao tunawaita ndugu wema ili wasikasirike. Tunawawekea beseni la maji na taulo wanawe mikono kwanza, maana wametoka mbali. Mimi si wa ukoo wa Hsieh. Nyumba ya watu siwezi kuikaribishia wafu wake. Kwa hiyo mwaka ule, saa tisa alasiri, nilimwekea Mama Kuang-yu bakuli la wali nje, kwenye meza ya ndugu wema, pamoja na waliokufa vitani, waliozama mtoni, na wasiojulikana walizaliwa na nani. Mwanamke aliyezaa, akasomesha, alikula barabarani na taulo la kushirikiana. Nililia mbele ya majirani na sikujali.

Mwaka jana, tarehe tisa ya mwezi huo huo, nilishikwa na mawe ya nyongo. Wakanipeleka hospitali, wakanikata, wakanilaza siku nne, na tufani ikapita pembeni ya mji ikatuachia mvua yake yote. Tarehe kumi na tatu nikarudi, nimeshika tumbo, nikamkuta Kuang-yu amekaa juu ya sanduku lake mbele ya duka langu lililofungwa. Amelowa chapachapa. Amekonda.

"Shikamoo, Shangazi Yin."

"Marahaba. Umefuata nini huku? Huu ni mwezi wa nyekundu."

"Ufunguo ninao," akasema. "Nimekaa hapa tangu asubuhi. Naogopa kufungua."

Mzee Pien, anayeuza karatasi za kuchomea wafu ng'ambo ya barabara, akapaza sauti: "Mwambie, Yin! Mwambie arudi alikotoka! Mwezi huu hata paka hahamii nyumba! Ataingia na sanduku moja, mizimu itaingia na kumi!"

"Na wewe ungekosa wateja tungepumua," nikamjibu.

Tulipanda polepole, yeye akinishika mkono kwa sababu ya nyuzi zangu. Kwenye kona ya ngazi akasimama.

"Shangazi, nikikuambia kitu utaniona nimechanganyikiwa?"

"Nilishakuona umechanganyikiwa tangu lile jedwali. Sema."

Akatoa simu akanionyesha mstari unaopanda na kushuka. "Angalia. Kila siku saa kumi, unyevu unaanza kushuka. Saa kumi na mbili ni sitini na mbili. Halafu unapanda tena. Kila siku, Shangazi, mwaka mzima. Nyumba imefungwa na umeme ninalipa mimi, nimehakikisha, kuna kitu kinawaka. Sitini na mbili! Ile ile aliyonidanganya nayo."

Niliegemea ukuta wa ngazi.

"Ni Mama," akasema. "Mwanzo niliogopa. Baadaye ikawa siwezi kulala bila kuiona. Nilikuwa naacha kazi saa kumi namwangalia. Namuuliza, ngapi leo, Mama? Ananijibu." Kisha akagusa simu sehemu nyingine. "Halafu tarehe tisa ikaacha. Tisini. Tisini na tatu. Tisini na nne. Siku nne haishuki, kama siku zile za mwaka jana. Nikapanda ndege."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nikahesabu: kesho kutwa ni siku ya kumi na tano. Nikimwambia leo, jioni atakuwa kwenye ndege, na Pi-lan atakula nje tena. Nikaufunga mdomo. Mniite mpendavyo.

Aliufungua mlango. Harufu ilikuwa ya godoro lililoloa. Matone yalikuwa yakitiririka kwenye vigae, na kwenye kioo cha picha ya mama yake palikuwa na ukungu hadi uso hauonekani. Aliufuta kwa mkono wa shati. Halafu akapiga magoti mbele ya mashine ya kukausha hewa, si mbele ya picha, akaiwekea kiganja juu kama mtu anayepima homa.

"Imepoa," akasema. "Nimekukosea nini tena, Mama?"

Kesho yake alifua mapazia, akasugua kuta kwa siki, akaning'iniza nguo zake kabatini. Watu walipita chini wakitikisa vichwa. Mimi sikupanda saa kumi. Nilikaa dukani, tumbo linavuta, nikasikiliza dari. Kimya. Juu yangu kulikuwa na mtu aliyekaa anasikiliza kimya kile kile, na mimi ndiye niliyekitengeneza.

Siku ya kumi na tano asubuhi aliniita nikaonje. Alikuwa amepika samaki wa kukaanga na tangawizi, mayai yenye figili kavu, na mchuzi wa mifupa aliouharibu kwa chumvi.

"Ni wa mama yako kabisa," nikasema. "Miaka thelathini nilimpigia kelele kuhusu chumvi."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu alipokuwa wa shule. Akapanga meza, mabakuli mawili, moja la baba yake, moja la mama. Kisha akaiburuta mashine ya kukausha hewa akaiweka kando ya meza, akaichomeka, hakuiwasha.

"Hiyo ya nini?"

"Saa sita nitawakaribisha. Saa kumi nitakaa hapa nimwangalie," akasema. "Akiiwasha, nitajua amenisamehe. Nitakaa hapa moja kwa moja, mvua inyeshe, kuvu iote. Asipoiwasha..." Alinyoosha nyoosha vijiti vya kulia. "Asipoiwasha basi nitajua ameshaondoka na hanitaki. Nitauza nyumba."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo. Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Kuang-yu. Haitawaka."

"Tutaona, Shangazi."

"Haitawaka kwa sababu ni mimi." Nikatoa ufunguo mfukoni nikauweka mezani, kati ya yale mabakuli mawili. "Mwaka mzima ni mimi. Napanda saa kumi, nawasha. Napanda saa kumi na mbili, nazima, namwaga maji. Zile siku nne nilikuwa hospitali, nimelala na bomba tumboni. Mama yako hakuwasha kitu. Mama yako amekufa, mwanangu."

Aliuchukua ule ufunguo akaugeuza mkononi. Mchuzi ulikuwa unachemka jikoni na hakuna aliyekwenda kuzima jiko.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata mwaka mpya?"

"Hata mwaka mpya. Nilipanda nimevaa nguo zangu nyekundu kama mpumbavu."

"Kwa nini?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, ndiyo tabia yangu, lakini ukali haukuja. "Kwa sababu mwaka jana nilisikia kimya siku mbili na sikupanda. Nilisema mtoto ana kifaa chake, ataona."

Kuang-yu akaketi sakafuni. Aliketi ghafla, kama mtu aliyevutiwa kiti.

"Niliona," akasema. "Tisini na nne. Niliona siku ya kwanza. Nilikuwa nakula, niko na rafiki zangu, nikawaonyesha simu. Nikasema, angalieni kwetu leo, tisini na nne, afadhali siko huko." Akafunika uso. "Tukacheka, Shangazi. Mama yuko hapa chini, na mimi nacheka hali ya hewa."

Sikumwambia asilie. Sikumwambia kwamba alikwenda upesi, maana hilo sina uhakika nalo. Nilishuka sakafuni, nyuzi zikinivuta, nikakaa naye pale pale kati ya chumba na choo. Sote wawili tulikuwa tumekitegemea kile kitu kidogo cha ukutani kimwangalie mtu kwa niaba yetu.

Kengele ya hekalu la mtaa wa pili ililia kuashiria saa sita. Nilimwona anaangalia sanduku lake pembeni ya mlango. Nikajua, hapa hapa, ama atalishika ama hatalishika. Sikumsaidia. Nilikwisha kumdanganya vya kutosha.

Aliinuka, akazima jiko, akapakua mchuzi. Akawasha vijiti vya ubani, akasimama mbele ya picha, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Mama, ni Kuang-yu. Niko nyumbani. Unyevu ni tisini na moja. Ingia ule."

Moshi wa ubani ulikwenda moja kwa moja juu, kisha ukalala upande wa meza. Dirisha lilikuwa limefungwa. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu hewa nzito hufanya hivyo, na yeye na mimi tulijua.

Alasiri niliweka meza yangu nje ya duka, beseni, taulo, wali wa ndugu wema. Kwa mara ya kwanza sikuweka bakuli la Pi-lan. Saa kumi mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta ufunguo, kwa mazoea, nikakumbuka niliuacha juu. Wakati huo huo dari ikaanza kunguruma. Nilijua ni Kuang-yu. Nilijua kabisa, na bado nywele zilinisimama, nikashika ukingo wa meza nikamwita Pi-lan kwa jina lake. Ndipo nikaelewa nilichomfanyia yule mtoto mwaka mzima.

Hakuuza nyumba. Anaishi kinyumenyume sasa, watu wanamcheka: anakuja mwezi wa tano, na mvua, anaondoka mwezi wa kumi hewa inapokuwa safi. Jedwali bado liko kwenye friji. Kile kifaa amekitoa ukutani kwake. Alishuka nacho siku moja na bisibisi yangu mwenyewe, akakifunga kwenye ukuta wangu, nyuma ya feni mbovu.

"Mimi si hali ya hewa," nikamfokea.

"Najua, Shangazi."

"Na sitaki kuangaliwa na kiberiti."

"Sitakiangalia tu," akasema. "Namba ikipanda nitashuka."

Wiki iliyopita, katikati ya mvua, nilisinzia alasiri kwenye kiti changu na sikuwasha mashine ya kukausha hewa ya dukani. Niliamshwa na miguu inayoshuka ngazi mbio, mlango ukagongwa, ukagongwa tena kabla sijaweza kusimama. Kwa jinsi alivyogonga Kuang-yu nilijua hanikimbilii mimi, au si mimi peke yangu. Hakuita jina langu. Alikuwa anaita, "Mama! Mama!"

"Nipo," nikamjibu haraka, nikitafuta viatu kwa miguu. "Nipo, mwanangu. Nipo, subiri nafungua."